Cherehani Isiyo na Mkanda

Hivi wewe umewahi kuajiriwa kusifu watu? Sisemi kusifu arusini, pale ambapo kila mtu anajua maneno ni ya siku ile tu na hakuna anayedhurika. Nasema kuajiriwa kabisa. Unakaa kwenye kiti, taa inakumulika usoni kama mtu anayeng'olewa jino, na mbele yako yuko mtu mzima na akili zake anaongea kama anayetafuna mchanga, na wewe kazi yako ni kutabasamu na kusema, "Vizuri sana!" Kama hujawahi, shukuru. Mimi nimeifanya kazi hiyo miezi saba, na nimeifanya ndani ya chumba changu mwenyewe, mahali pale pale ilipokuwa cherehani yangu.

Nianze na cherehani, maana ndiyo mzizi wa maneno yote haya. Ni cherehani ya miguu, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu. Upande wa kulia maua yamefutika, kwa kuwa ndipo kiganja changu kinapopita nikizungusha gurudumu. Meza yake ni ya mbao na ina droo mbili. Ya kushoto ni ya bobini za kuzungushia uzi na sindano, ya kulia ni ya vifungo, na huko nyuma kabisa kuna kipande cha nta ya kusugulia uzi ambacho kimekuwamo tangu mwanangu hajaota meno. Cherehani hiyo ilikaa dirishani miaka thelathini na minane. Dirisha lenyewe linatazama mashariki, kwa hiyo tangu asubuhi mpaka saa tano mwanga unaiangukia sindano yenyewe, huhitaji taa wala miwani. Nimeshona hapo sare za shule, mashuka ya hospitali, suruali za walinzi zenye mifuko sita. Mume wangu alipofariki nilikaa hapo wiki nzima nikashona mapazia ambayo hakuna mtu aliyeyaagiza. Kwa hiyo mtu asinisikie nikisema cherehani akadhani nasema chuma.

Mwanangu ni mtunza stoo. Ni mtu mwema, ila mdomo aliopewa ni wa kulia chakula tu. Msemaji wa nyumba ni mkewe. Naye huyo mkwe wangu si mtu mbaya, ngoja nimtendee haki: ni mchapakazi, msafi, na chumvi hakosei. Lakini tangu alipopata kazi kwenye kampuni ya kufundisha lugha kwa mtandao, aliingiwa na ugonjwa wa nyota. Kampuni ile inawakutanisha wageni wanaojifunza Kiswahili na watu waliozaliwa nacho. Wanaonana usoni kwenye kompyuta, wanaongea nusu saa, kisha mgeni anabonyeza nyota, moja mpaka tano, kulingana na alivyofurahi. Mkwe wangu akipata tano, anaosha vyombo akiimba. Akipata nne, sufuria ndizo zinazoimba. Nikambandika jina la Madamu Nyota, lakini moyoni tu. Mambo yangu mengi huwa ni ya moyoni tu.

Siku moja akaja chumbani, nikiwa napinda pindo la shuka. Akakaa ukingoni mwa kitanda, na akikaa hapo najua kuna jambo.

"Mama, wanataka bibi."

"Bibi gani?"

"Bibi yeyote. Wageni wameandika kwamba wangependa kuongea na bibi halisi."

"Na bibi wa uongo yukoje?"

"Mama naye! Ni kukaa na kuongea tu. Si unapenda kuongea?"

"Kuongea napenda. Sijui kama napenda kusikiliza."

Akacheka, akaniwekea mkono begani. "Chumba chako ndicho chenye kimya, na ukuta wake unavutia. Tutaisogeza cherehani kidogo tu."

Kidogo tu! Kidogo cha mkwe wangu kilikuwa hatua kumi na sita, nilizihesabu kwa miguu yangu: kutoka dirishani, kupitia ukumbi mwembamba, mpaka kibaraza cha nyuma. Wakaisimamisha kati ya mtungi wa gesi na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, wakaifunika nailoni. Mwanangu ndiye aliyeibeba. Alipoiweka chini alinitazama, nami nikamtazama, nikingoja aseme kitu. Akakohoa.

"Sawa, mwanangu," nikasema.

Mahali pa cherehani ikaja meza ya plastiki yenye mguu mmoja unaotikisika, na juu yake kompyuta, na nyuma ya kompyuta taa ya mduara kama bakuli lililotobolewa. Ukutani, nyuma ya kiti changu, Madamu Nyota akatundika ungo. Ungo wenyewe umepakwa rangi tatu na una waya wa kuning'inizia. Haujawahi kupepeta hata punje moja. Pembeni yake akaweka kibuyu ambacho hakijawahi kuona maji. Vyote vimenunuliwa dukani siku moja, kwenye mfuko mmoja, ili wageni waone mambo ya asili. Na ng'ambo ya ukuta huo huo, chombo pekee cha nyumba ile kilichowahi kumlisha mtu kilikuwa kinaota kutu chini ya nailoni.

Kando ya kamera akabandika karatasi ya masharti. Mimi nimesoma shule ya msingi basi, lakini kusoma najua, tena nasoma taratibu na nikishasoma sisahau. Iliandikwa: Tabasamu. Sifu. Usimkatize. Usimsahihishe zaidi ya mara mbili. Usiulize maswali magumu.

Nikauliza, "Na akikosea mara ya tatu?"

"Unamwacha, Mama. Anakuja kupata moyo, si kufedheheshwa."

Mimi ushonaji nilifundishwa na shangazi yangu. Ukimaliza mshono, shangazi aliuchukua akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja. Ukiwa umenyooka, anaukunja anauweka pembeni bila neno. Ukiwa umepinda, anakurushia mapajani na kusema neno moja tu: "Fumua." Huulizi kwa nini, hulii. Unachukua wembe, unakata uzi mmoja mmoja, unaanza upya. Miaka mitatu niliyokaa naye hakunisifu hata siku moja, na mpaka leo kuna watu wanaingia kaburini na suruali nilizowashonea mimi, mshono haujaachia.

Basi fikiria mtu wa malezi hayo anawekwa mbele ya taa asifu.

Nilisifu. Subira ninayo, tena nyingi. Alikuja msichana akanisalimia kwa salamu moja, nilipoitikia akalia machozi ya furaha, nusu saa yote ikaishia kwenye kujifuta. Nyota tano. Alikuja kijana mwenye cheti cha dhahabu, amekitundika nyuma yake nikione, akaniambia, "Leo hali ya hewa ni nzuri sana," na kwenye dirisha lake mvua ilikuwa inapiga vioo kama inadai kufunguliwa. Nikasema, "Vizuri sana." Nyota tano. Mwingine akaniuliza napenda kufanya nini wakati wa mapumziko. Nikamwambia napenda kupumua. Akaandika kwenye daftari. Walikuwa hawaongei nami hata kidogo, wale. Walikuwa wanajitazama kwenye kijidirisha cha pembeni, pale sura ya mtu mwenyewe inapojitokeza, wanajirekebisha nywele kwa Kiswahili.

Ndipo akaja Fundi Lifti.

Alikuwa mzee wa masharubu meupe kama brashi ya kusugulia viatu, mstaafu, kazi yake maisha yote ilikuwa kutengeneza lifti. Mimi na yeye kwa umri tungeweza kuchunga mbuzi pamoja, lakini kampuni imeshasema mimi ni bibi, basi naye akaniita Bibi, nikapata mjukuu mwenye kipara. Alikuwa ameongea na walimu wanane kabla yangu, vipindi mia tatu na kumi na mbili. Wote wamemvisha kilemba cha ukoka, nacho amekivaa kimemkaa. Akavuta pumzi, akasoma kwenye karatasi:

"Bibi mpendwa na mheshimiwa, ningependa kuitumia fursa hii adhimu kukujulisha kwamba nimejawa na furaha isiyo na kifani kukutana na wewe siku hii ya leo."

Nikangoja. Nikauliza, "Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Sasa unataka nini?"

Akapekua karatasi. Swali hilo halikuwamo. Akasoma aya nyingine juu ya uzuri wa lugha na mataifa kupendana. Nikamngoja hata hiyo ikaisha, maana subira ninayo, nikamwuliza tena, "Baba, unajifunza Kiswahili ili umwambie nani kitu gani? Mficha uchi hazai."

Maana ya methali ile ilimchukua dakika nne, na nilipomweleza, alikunja karatasi zake moja moja mpaka nusu saa ikaisha. Akabonyeza nyota tatu.

Lo! Ungemwona Madamu Nyota. Alikuja na simu mkononi kama aliyeletewa habari ya msiba.

"Mama, tatu! Umemfanya nini?"

"Nimemwuliza anataka nini."

"Hatuulizi hivyo!"

"Mnaulizaje?"

"Hatuulizi kabisa! Unamwuliza chakula akipendacho, unamwuliza wikendi. Huyu ni mteja wa vipindi mia tatu, Mama. Mia tatu!"

"Vipindi mia tatu na bado anasoma kwenye karatasi. Ningekuwa mimi ndiye mliyemfundisha, ningejificha."

Akainua simu yake tena. Kisha akasoma chini ya zile nyota, maana mteja alikuwa ameandika maneno. Yalikuwa matano: "Bibi huyu mkali. Nitarudi kesho." Mkwe wangu akatoka bila kuniaga.

Alirudi kweli. Mara hii hakuleta ile karatasi, alileta nyingine, ndefu zaidi, na akaniambia habari yenyewe kwa vipande, kama mtu anayetoa mizigo chumbani mmoja mmoja. Mkewe aliugua muda mrefu kabla ya kufa. Alikuja mwuguzi nyumbani kwao kila asubuhi kumwosha, mwanamke anayeongea Kiswahili kwenye simu na watu wa kwao huku akikunja mashuka. Fundi Lifti hakuwahi kumwambia asante ya maana. Sasa mwuguzi yule anahama mji mwisho wa mwezi, naye anataka kumshukuru kwa lugha yake. Ndiyo maana ya vipindi mia tatu. Na walimu wanane, kila mmoja aliisoma ile hotuba ya shukrani, akasema vizuri sana, akaongeza neno moja zuri juu.

Akanisomea. Ilikuwa na "mchango wako uliotukuka", ilikuwa na "katika kipindi kigumu cha majonzi yasiyomithilika". Ilikuwa nguo ya kwapa tatu. Nikafumba jicho moja, kama shangazi.

"Fumua," nikasema.

"Fumua ni nini?"

Nikachukua kitambaa, nikakisogeza mbele ya kamera, nikakata uzi kwa wembe, nikauvuta wote ukatoka, nikamwonyesha vipande viwili. "Hivyo. Toa uzi wote. Tuanze upya. Mwuguzi alifanya nini?"

"Alitoa huduma bora."

"Fumua. Alifanya nini kwa mikono yake?"

Akafikiri. "Aliosha mke wangu."

"Alimwosha vipi?"

"Kama..." Akashusha macho. "Kama mtoto wake."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Nilisimama mlangoni, siingii."

"Haya," nikasema. "Kitambaa ndicho hicho. Vilivyobaki vyote ni nakshi za watu wasio na kazi."

Tulifanya hivyo siku sita. Kila siku alikuja na neno la hotuba amelificha mahali, na kila siku nililiona, nikalitoa. Sikumsifu hata mara moja. Mwisho yalibaki maneno unayoweza kumwambia mtu mkiwa mmesimama: "Dada, asante. Ulimwosha mke wangu kama mtoto wako. Nilikuwa mlangoni, niliona." Alipoyasema bila karatasi, niliinamisha kichwa tu, nikayaweka pembeni.

Nilimdharau mzee yule, sitaficha. Nilijiambia, mtu mzima, fundi, amefungua vyuma vya ghorofa ngapi sijui, anashindwa kusema kitu kimoja anachokitaka mpaka afumuliwe nyuzi siku sita! Niliwadharau na walimu wake wanane, nikamdharau na mkwe wangu, na kampuni, na ungo ule ukutani. Dharau yangu ilikuwa pana, ingetosha kushonea mapazia.

Mwishoni mwa wiki hiyo hiyo Madamu Nyota akaja mbio, uso unang'aa.

"Mama, habari njema! Msimamizi wa kampuni ameona picha zako za zamani ukishona. Amesema cherehani irudi chumbani."

Moyo wangu uliruka, wallahi, kama wa msichana. Sikuonyesha. Nilisubiri atoke, nikainuka nikafagia pale dirishani, nikapangusa dirisha, nikatafuta bobini zangu chini ya kitanda nilikozificha kwenye kopo la maziwa. Nilikuwa hata na kazi tayari kichwani: mashuka mawili ya jirani yaliyochanika katikati, ambayo ukiyageuza ubavu kwa ubavu yanakaa miaka mitano mingine.

Mwanangu akaileta, jasho linamtoka. Nikamwonyesha dirisha. Mkewe akamwonyesha ukuta.

Akaiweka ukutani.

"Hapa ndipo kamera inapoona," akasema mkwe wangu. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa hivi na hivi, akaisogeza kiasi cha vidole viwili. Akatoa mtungi wa kioo wenye maua ya plastiki, akautua juu ya meza yake. Nikasogea. Chuma kilikuwa kinang'aa mno, nikakinusa. Alikuwa ameisugua kwa mafuta ya kupikia! Mtu yeyote anayejua cherehani anajua mafuta yale yakikauka yanaganda kama gundi, kila kitu ndani kinakaza. Kanyagio lilikuwa limefungwa kwa waya. Na mkanda haukuwapo. Ule mkanda wa ngozi unaotoka gurudumu la chini kwenda la juu, ambao bila huo unaweza kukanyaga mpaka ukafika mji wa pili na sindano isitikisike, ulikuwa umetolewa.

"Mkanda uko wapi?" nikauliza.

"Nimeutoa, Mama, isije ikapiga kelele mgeni akiwa hewani. Unavyoipenda, ungejisahau ukakanyaga." Akacheka. "Inapendeza, au siyo?"

Nilikuwa na maneno. Yalikuwa yamenijaa mpaka kwenye meno. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni anajifuta shingo, ananitazama.

"Inapendeza, mwanangu," nikasema.

Jioni hiyo nilikwenda jikoni kuchukua kikombe, nikaukuta mkanda wangu. Umefungwa kwenye vishikio vya kabati la vyombo, mizunguko miwili na fundo, kuzuia mlango unaolegea usifunguke. Nikaushika. Ulikuwa bado una harufu ya ngozi. Nikachukua kikombe changu, nikaondoka.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Fundi Lifti akaja hewani. Ilikuwa mchana, mwanangu yuko nyumbani, anakula. Mimi sivai vile vitu vya masikioni, vinanikwaruza, kwa hiyo sauti ya kompyuta huwa inasikika mpaka jikoni, na Madamu Nyota hupenda kusimama mlangoni akiwa na kitambaa cha kufutia sahani, kuangalia kama natabasamu.

"Bibi," akasema mzee, "nimemwambia."

"Mwuguzi?"

"Ndiyo. Jana. Nimesimama, yeye amesimama. Nimesema maneno yote. Bila karatasi."

"Akasemaje?"

"Alisema..." Masharubu yalitikisika. "Alisema, 'Nilijua uko mlangoni. Ulikuwa unapumua kwa nguvu.' Halafu alinishika mkono. Basi."

"Basi inatosha," nikasema, na nikajikuta nafuta meza ya plastiki kwa kiganja ingawa ilikuwa safi.

Mkwe wangu akanionyesha tabasamu kwa vidole viwili kwenye mashavu yake, maana yake nami nitabasamu. Lakini mzee alikuwa hanitazami tena mimi. Alisogeza uso kwenye kioo chake mpaka pua ikawa kubwa. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

"Bibi, mashine ile. Siku zile haikuwa."

"Imeletwa."

"Haina mkanda."

Wageni arubaini walikuwa wameshaisifu cherehani ile tangu irudi. Nzuri, Bibi! Ya kale, Bibi! Ilibidi aje mtu wa lifti, mtu aliyeishi na nyaya na magurudumu, aone kwamba imekufa.

"Ni pambo," nikasema.

"Pambo ni nini?"

"Kitu cha kutazamwa."

Akawaza. "Ni mashine yako?"

"Ni yangu."

"Wewe unataka kuitazama?"

Mlangoni kitambaa kilikuwa kinazunguka juu ya sahani ile ile, kinazunguka, kinazunguka. Nikacheka kidogo, kile kicheko cha wazee. "Ah, mwanangu. Mtu wa umri wangu anataka nini tena? Nakula, nalala, wananitunza vizuri. Sina neno. Namshukuru Mungu."

Fundi Lifti akafumba jicho moja. Sijui aliiga au lilikuja lenyewe.

"Bibi," akasema. "Fumua."

Kitambaa kikasimama.

Nilihisi joto shingoni. Mimi! Mimi wa kuambiwa fumua na mtu niliyemtoa uzi puani wiki mbili zilizopita! Nikataka kumwambia anyooshe kwanza Kiswahili chake. Lakini nikasikia maneno yangu yenyewe bado yananing'inia chumbani: nakula, nalala, sina neno. Ilikuwa ni ile fursa adhimu. Ilikuwa ni hali ya hewa nzuri na mvua inapiga kioo. Miezi saba nawacheka watu wanaohangaika kusema wanachotaka kwa lugha ya kuazima, na mimi hii ni yangu, nimenyonya nayo, na sijaweza. Nyani haoni kundule, na la kwangu lilikuwa limekaa wazi, linamulikwa na taa ya mduara.

"Labda," nikasema, "siku moja, kama nafasi itapatikana, na kama haitamsumbua mtu, ningefurahi pengine..."

"Fumua."

"Mzee, naye!" mkwe wangu akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya kucheka. "Mama, mwambie akuulize habari za wikendi."

Nikazima taa ile ya mduara. Swichi yake iko kwenye waya, sikujua siku zote kwamba ni rahisi hivyo. Chumba kikarudia rangi yake. Nikageuza kiti, nikaipa kamera mgongo. Nikamtazama mkwe wangu na sahani yake, na nyuma ya bega lake mwanangu, aliyesimama na tonge mkononi. Nilijua nyota zinadondoka, acha zidondoke.

"Mkanda wangu uko kwenye kabati la vyombo," nikasema. "Kaufungue uniletee. Meza hii ya plastiki itoke, maua yatoke, cherehani irudi dirishani leo hii, kabla jua halijazama. Nataka kushona."